Kuku Niliowapeleka Kinole Kupumua

Mimi ni mtu wa Singida, na mtu wa Singida akisema hajui kuku, watu wanadhani anaficha kitu. Ndiyo maana tangu nihamie Morogoro kufundisha jiografia sijawahi kusema sijui. Mtu akiniletea kuku anayekohoa, nakunja uso, nampapasa kifua yule kuku, halafu nasema, "Mpe maji ya vuguvugu, mwangalie siku tatu." Siku tatu zikipita, kuku ama amepona ama ameshaliwa, na heshima yangu inabaki palepale.

Tunakaa Bigwa, chini kabisa ya mlima. Kiangazi ninachokisimulia nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu na mitetea kumi, mmoja wao kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Kishingo huyo alikuwa mtagaji hodari kuliko wote na mwenye dharau kuliko wote. Nikiingia bandani alikuwa ananitazama kama mkaguzi anavyomtazama mwalimu asiye na andalio la somo.

Mlima ulishika moto. Kila kiangazi moto unawaka huku au kule, lakini safari hii ulikuwa mteremko wa upande wetu, na upepo ukautuma moshi wote chini mjini. Asubuhi unaamka Uluguru haionekani, unaona ukuta mweupe tu. Nguo zikianikwa zinaanuliwa na majivu. Mimi macho yaliniwasha, mke wangu akawa anapiga chafya, lakini kilichonitoa roho ni kumwona jogoo amesimama uani mdomo wazi, anahema kama amekimbizwa, wala hawiki.

Nikajifanya mtaalamu. Nilishawahi kusoma mahali kwamba ndege wana mapafu mepesi kudhurika, hewa chafu inawaumiza kabla ya binadamu. Basi nikanunua nailoni, nikaziba banda zima: ubavuni, juu, hata ule upenyo wa chini ya bati nilioacha mwenyewe wakati wa kujenga. Nikawafukuza kuku uani, mmoja mmoja, nikiruka huku na huku, hadi wote wakaingia. Nikafunga mlango, nikajipongeza.

Kesho yake asubuhi nilipofungua, harufu ya kinyesi ilinipiga usoni mpaka machozi yakanitoka. Kuku walikuwa wamerundikana mlangoni, wamelegea mabawa, wote wanahema. Niliogopa kweli. Nikamwita mama jirani, nesi mstaafu aliyefuga kuku tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Nani amewafungia hawa kuku kwenye mfuko?"

Akaanza kubandua nailoni zangu kwa mikono yake, bila haraka, anaongea huku anavuta. "Umeuzuia moshi usiingie, na pumzi yao umeizuia isitoke. Fungua pande zote mbili hewa ipite. Waweke maji ya baridi kila kona, ubadilishe mara kwa mara. Pumba kavu usiwape, inatimka vumbi, iloweshe kidogo. Banda usilifagie siku hizi, nyunyiza maji tu. Na jambo kubwa, usiwakimbize. Kuku akitulia anavuta hewa kidogo. Akikimbizwa anavuta moshi wote wa Morogoro."

"Nimekuelewa, mama," nikasema. Na kweli nilimwelewa. Tatizo ni kwamba ushauri ule ulikuwa mwepesi mno kwa mtu wa Singida. Maji na utulivu! Nilitaka jambo lenye ukubwa unaolingana na elimu yangu.

Usiku kucha nikafikiri, na asubuhi nikamweleza mke wangu. Upepo unatoka kusini mashariki, nikamwambia. Upande wa mashariki wa mlima unapata mvua, una unyevu, misitu haiwaki hovyo. Kwa hiyo hewa ya Kinole ni safi. Kinole yupo mama yake. Nitawapeleka kuku wakapumue huko mpaka moto uishe.

Mke wangu aliacha kukoroga uji. "Kuku?"

"Kuku."

"Unawapeleka kwa mama yangu, halafu utawarudisha?"

"Ndiyo maana yake."

Akaendelea kukoroga uji. Baadaye alinieleza kwamba palepale alikwishaona mwisho wa safari yangu, ila aliona si vizuri kumkatiza mwalimu akiwa anafundisha.

Mwalimu mwenzangu wa hesabu alikuwa na pikapu, na Jumamosi ile alikuwa anakwenda Kinole kuchukua ndizi. Tukakamata kuku, maana yake tukawakimbiza tena, tukawaingiza kwenye matenga mawili. Nikakumbuka vumbi la barabara. Mtu anayekimbia moshi hawezi kuwavutisha kuku vumbi, kwa hiyo nikaingia ndani, nikachukua khanga ya kwanza iliyonijia mkononi, doti nzima, mpya, nikailowesha, nikafunika matenga na kufunga mafundo mazuri kwenye kona. Nilivutiwa na kazi yangu. Mwalimu wa hesabu alizunguka akaangalia, akaniuliza, "Unakwenda kuposa?" Nikadhani ananitania.

Hewa ya Kinole ilikuwa safi. Hili naomba niandikiwe kwa wino mzito, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokipatia. Tulipanda, moshi ukabaki nyuma, majani ya migomba yakawa ya kijani badala ya kijivu, na jogoo akawika ndani ya tenga kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa. Nilimpiga mwenzangu begani. "Umesikia? Jiografia hiyo!"

Mama mkwe alikuwa uani anaanika karafuu. Aliponiona nashuka, na nyuma yangu matenga mawili yamefunikwa kwa doti ya khanga, alisimama, akajishika kiuno, kisha akapiga kigelegele. Dada yake akatoka nyumba ya pili naye akapiga. Ndipo nilipoelewa swali la mwalimu wa hesabu.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mkwe wangu, marahaba baba! Jamani njooni mwone! Nilikuwa nasema mkwe wangu wa Singida amenisahau, miaka yote anakuja na mikate tu. Kumbe alikuwa ananiandalia!" Akamgeukia dada yake, wakasema jambo kwa Kiluguru, wakacheka, na mimi nikacheka pia, bila kujua nacheka nini.

Nilikuwa na sentensi yangu tayari. Nilikuwa nimeipanga tangu tulipopita Kiroka: mama, naomba hawa wakae kwako kwa muda. Lakini mama mkwe alikuwa ameshafungua mafundo, ameshajitanda khanga moja begani, mbichi vilevile, na nyingine amempa dada yake. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Ni kidogo tu, mama. Mtusamehe."

Mwalimu wa hesabu alitazama upande wa migomba, mabega yanamtikisika.

Mchana wakamchinja jogoo, kwa heshima yangu. Wakampika kwa nazi na bizari mbichi, na mama mkwe mwenyewe akanitengea firigisi, kama inavyostahili kwa mkwe. Nikaitafuna taratibu. Nilikuwa nimemtoa yule jogoo Bigwa ili kuyaokoa mapafu yake, na mapafu yake yalikuwa mazima kabisa, niliyaona kwenye sahani ya dada yake mama mkwe. Mbaya zaidi, alikuwa mtamu. Nikaongeza wali.

Mwenzangu alikuwa amepanga kupakia ndizi kesho yake, hivyo tulilala. Jua lilipoanza kuzama nikaona wale mitetea kumi wanaswagwa kuingia jikoni. Jiko lenyewe ni kibanda cha udongo, mafiga matatu katikati, kuni zinawaka, moshi umejaa hadi kwenye makuti. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimewavusha mlima ili waje walale ndani ya moshi.

"Mama," nikasema kwa unyenyekevu wote nilionao, "moshi hautawadhuru?"

Alinitazama kwa huruma, kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi aliyeandika kwamba jua linazunguka dunia. "Mkwe, inama."

Nikainama.

"Zaidi."

Nikachuchumaa, karibu niguse sakafu. Pale chini, karibu na mlango, hewa ilikuwa nyepesi. Moshi ulikuwa juu ya kichwa changu, unatembea chini ya makuti na kutokea kwenye upenyo wa juu ya ukuta. Mitetea walikuwa wamejipanga chini kabisa, hawahemi. Kishingo alikuwa wa kwanza mlangoni, ameshafumba macho.

"Moshi unapanda, na pale juu tumeuachia njia utoke," alisema mama mkwe. "Kuku wanajua pa kulala. Kwenu Singida moshi unashuka?"

Nikakumbuka fito za banda langu, nilizozipachika juu kabisa chini ya bati, nikijivunia kuwapa kuku ghorofa. Na upenyo ule wa juu, wa kutolea hewa, ndio nilioupigia nailoni kwa misumari mingi kuliko mahali pengine. "Hapana, mama," nikasema. "Kwetu pia unapanda."

Nilirudi Bigwa na mkungu wa ndizi, fenesi na mfuko wa mdalasini. Mke wangu alinipokea getini. Aliangalia nyuma ya pikapu, akaniangalia mimi.

"Hewa ya huko ikoje?"

"Safi sana."

"Na kuku?"

"Wamependa. Wamebaki."

"Na khanga yangu?"

Hapo nikaanza kushusha fenesi. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi, akacheka mpaka akakohoa, na kwa moshi uliokuwepo kukohoa kwenyewe kulikuwa kwingi. Mama yake alikuwa ameshampigia simu tangu jana kunisifu. Ilinibidi ninunue doti nyingine, na nikaambiwa rangi kabisa.

Moshi uliendelea siku chache, kisha upepo ukageuka. Kuku wa mama jirani, ambao hawakusafiri kwenda popote, walikaa kivulini wakanywa maji yao, na hakufa hata mmoja.

Sasa nina mitetea wanne wapya. Fito nimezishusha, upenyo wa chini ya bati nimeupanua. Mwaka huu moto uliporudi mlimani nilifanya yale mepesi: ndoo za maji kila kona, pumba iliyoloweshwa, sikufagia, sikumkimbiza mtu. Siku ya pili nilikuwa nimesimama bandani tangu asubuhi, nawatazama wasiniharibikie, macho mekundu, nakohoa. Mama jirani akapita kwenye uzio.

"Mwalimu, kuku hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Nimewabadilishia maji mara tatu."

"Na wewe umekunywa?"

Nilikuwa sijanywa. Akanionyesha mlango wa nyumba yangu kwa kidole, nami nikaingia ndani.