Sauti ya Pili Kwenye Sahani

Mwaka niliostaafu, mtunza stoo wa chuo nilichofanyia kazi alinipigia simu akaniambia wanasafisha stoo na vitu vyangu vinaelekea kutupwa. Havikuwa vyangu, vilikuwa vya chuo, lakini nilielewa alichomaanisha. Nilikuwa mtu pekee aliyebaki anayejua ni vitu gani. Kulikuwa na mashine ya kuchezesha sahani za picha, kubwa na nzito kama jiko la umeme, na kompyuta ya zamani yenye kioo cha herufi za kijani. Kulikuwa pia na sahani moja ya leza, pana kama santuri, inayong'aa pande zote mbili kama kioo cha kujitazamia.

Nilikodi kirikuu, gari dogo la mizigo, nikavileta nyumbani Kimandolu. Sahani niliipakata njia nzima, kwa sababu mama yangu alikuwa ndani yake.

Sisi ni Waarusha wa magharibi ya Mlima Meru. Nikiwa sekondari, kuna mradi wa wafadhili uliokuja kijijini kwetu kugawa mitamba ya maziwa kwa akina mama. Mama yangu alikuwa wa kwanza kuandikwa katika kikundi chake. Wageni wakapiga picha za video kwa ajili ya kufundishia vyuoni. Ile sahani ilitengenezwa huko kwao, ikaletwa pamoja na mashine zake. Mwanafunzi alibonyeza namba kwenye kompyuta, kompyuta ikaiamuru mashine, na mashine ikaruka moja kwa moja hadi kwenye picha anayoitaka. Wakati huo lilikuwa jambo la ajabu. Watu walitoka mjini kuja kuliangalia.

Nilipomaliza kidato cha nne niliajiriwa pale chuoni kama msaidizi wa maabara, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kuendesha mashine hiyo. Kwa hiyo nilimwona mama yangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Amesimama kando ya ng'ombe mweusi mwenye mabaka meupe, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, midomo inacheza, na juu yake sauti ya mwanamume inaeleza kwa Kiswahili safi: huyu ni ng'ombe wangu, maziwa yameongezeka, namshukuru Mungu na mradi.

Shida ni kwamba nyumbani kwetu huyo ng'ombe hakuwepo. Mtamba wa mama alikaa zizini majuma machache tu, kisha akatoweka. Mama alisema amechukuliwa na watu wa mradi. Watu wa mradi walisema wana karatasi yenye alama ya dole gumba lake, ya kukiri kwamba ng'ombe anaye, na wana picha zake akiwa na ng'ombe wake, zilizopigwa baadaye. Baba akahitimisha kwamba mama alimuuza kwa siri akawapelekea ndugu zake fedha. Kikundi kikamtoa. Kaka yangu mkubwa aliacha kula chakula alichopika mama kwa muda mrefu. Mimi sikusema kitu kibaya. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa nimerudi likizo na tunachambua maharage pamoja: "Yeyo," nilimwita kama tunavyowaita mama zetu, "kwani ulimuuza kwa nini?" Aliniangalia, akaendelea kuchambua. Hakuzungumza habari za ng'ombe yule tena mpaka anakufa.

Nilitaka kumwona tena, basi. Sikuwa na picha yake nyingine inayotembea.

Tatizo ni kwamba ile mashine haina vitufe vya maana. Ukiiwasha inacheza utangulizi wenye muziki, kisha inasimama kwenye orodha ya masomo na kusubiri kompyuta iiambie iende wapi. Programu ya wanafunzi ilikuwa kwenye flopi ambazo ukungu ulishazimaliza. Ilibidi niandike amri mimi mwenyewe, na niwe na kebo ya kuunganisha mashine hizo mbili. Mtu niliyejua anavyo vyote viwili, kebo na kitabu cha amri, alikuwa kaka mmoja anayeishi Kijenge.

Namwita kaka kwa heshima, si wa tumbo moja. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa mradi, kijana wa kwetu aliyesoma. Ile sauti ya Kiswahili kwenye sahani ni yake. Ndiye pia aliyenitafutia kazi chuoni, akanifundisha kushika pasi ya kuchomelea, akasimama upande wa ndugu siku ya harusi yangu. Mama alipofariki, yeye kama mzee wa kanisa ndiye aliyesoma wasifu wake kaburini. Nilipompigia kumweleza nilichokileta nyumbani, alisema, "Mdogo wangu, ile sahani si ilikwishaharibika?"

"Haina hata mkwaruzo, kaka."

"Basi nakuja. Usiiguse mpaka nifike."

Alikuja na kebo na kitabu kwenye mfuko wa plastiki wa Rambo, na parachichi za kwake. Tukafungua mashine kwenye meza yangu ya kulia chakula. Mkanda wa mpira uliokuwa unafungua trei ulikuwa umeyeyuka kama lami, nikapata mwingine kwa fundi wa redio kule Sokon One. Jicho la leza nililisafisha kwa spiriti. Kompyuta iliwaka kwenye jaribio la tatu, baada ya kubadilisha vitu viwili vitatu kwenye sehemu yake ya umeme. Kazi hiyo yote niliifanya kwa raha. Kila alasiri alikuja, tukanywa chai, tukakumbushana watu wa chuoni, waliokufa na walio hai.

Lakini kila tulipounganisha kebo, hakuna kilichotokea. Niliandika amri, kioo cha kijani kikaionyesha, na mashine ikabaki imeganda kwenye orodha ya masomo. Nikabadilisha kasi ya mawasiliano, nikasoma kitabu ukurasa kwa ukurasa. Kaka alitikisa kichwa. "Hizi ni mashine za watu waliokwishazisahau wenyewe," alisema. "Umejitahidi vya kutosha. Mama yako unaye moyoni."

Niliomba niikague kebo. Alisema ameshaikagua, akaichukua kwenda nayo nyumbani kuichomelea upya. Akairudisha, na bado mashine haikutii. Alifanya hivyo mara mbili. Nilikuwa na mita yangu ya kupimia umeme kwenye droo, hatua tano kutoka mezani, na sikuitoa. Kumkagua mtu aliyenifundisha kazi niliona ni kumkosea adabu.

Kisha akasafiri kwenda Moshi kwenye harusi, akaniachia kebo mezani. Asubuhi hiyo hiyo nilitoa mita, kwa sababu tu mikono ilikuwa haina kazi. Waya wa kurudisha majibu ulikuwa mzima. Kwenye waya wa kupeleka amri mita haikulia, maana yake umekatika mahali. Nikafungua plagi. Waya huo ulikuwa umekatwa kwa koleo, mkato ulionyooka, kisha ukavishwa mpira mweusi juu yake vizuri kabisa ili usionekane. Mkato ulikuwa mpya, shaba yake bado inang'aa.

Nilikaa nao mkononi. Nilijaribu kumtafutia maelezo: labda alikosea, labda macho yake ya uzee. Lakini mtu hakosei akavisha mpira.

Nikauchomelea. Nikaandika amri ya kutafuta picha ya mama, na mashine ikazunguka, ikalia kidogo kama inakohoa, ikampata.

Amesimama kando ya ng'ombe. Kitambaa kichwani. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote ya kazi: sauti mbili kwa pamoja, Kiswahili cha kaka juu, na chini yake mama yangu anaongea Kimaa, lugha yetu. Nilirudia, na tena walizungumza pamoja kama watu wawili wanaogombana. Kitabu kilinieleza kwamba sahani ina njia mbili za sauti. Ile programu ya wanafunzi ilikuwa ikiifungua ya kwanza peke yake. Sasa kwa kuwa programu haikuwepo, zilikuwa zinatoka zote. Nikaandika amri ya kuifunga ya kwanza.

Kiswahili kikanyamaza. Upepo ulikuwepo, na kengele ya mbuzi, na sauti ya kaka akiwa kijana, kutoka nyuma ya kamera, inamwambia mama kwa Kimaa: "Yeyo, sema ng'ombe huyu ni wako."

"Si wangu," mama akasema. "Huyu mmemshusha kwenye gari asubuhi. Wangu ulimchukua wewe. Uliniambia nibonyeze dole kwenye karatasi, anakwenda kuchanjwa."

"Sema tu. Hawa wageni hawasikii lugha."

"Yuko kwa baba yako. Mke wa jirani amemwona huko."

"Yeyo, weka mkono mgongoni kwake, uangalie huku."

"Na mume wangu akiniuliza?"

"Hakuna atakayekuuliza."

Mama akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe. Baada ya hapo hakusema tena. Na hapo ndipo, kwenye sauti ya kwanza, Kiswahili kinaeleza kwa kirefu kuhusu maziwa na shukrani.

Niliitazama hadi mchana ukapita bila chakula. Nikairekodi kwenye simu, mara nne, nikihofia nimekosea.

Kaka aliporudi alikuja moja kwa moja, bado na keki ya harusi kwenye karatasi. Nilimkaribisha kiti, nikachezesha. Hakushtuka. Alisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye magoti.

"Ulijua iko humu?" nikamuuliza.

"Nilijua walirekodi. Sikujua kama waliiacha mpaka mashine zilipoletwa chuoni miaka ile. Siku hiyo nikaijaribu peke yangu, nikasikia."

"Na ukakata waya."

"Nilikata. Nilitaka uvunjwe moyo na mashine, usivunjwe moyo na mimi."

"Ng'ombe alikwenda wapi?"

"Baba yangu alikuwa mgonjwa, mdogo wangu. Hatukuwa na kitu. Nilisema nitamrudisha akizaa. Alizaa, na nikaona maneno yamekwishapoa."

"Hayakupoa. Baba yangu amekufa akiamini mkewe ni mwizi."

"Najua. Nilikuwepo msibani."

Nikamuuliza alisomaje ule wasifu wa mama, aliposema mbele ya watu wote kwamba alikuwa mwanamke mwaminifu. Akajibu, "Kwa sababu nilijua ni kweli. Nani mwingine pale alikuwa anajua?" Kisha akasema jambo ambalo limenikaa vibaya kuliko ng'ombe na kuliko waya. Alisema taratibu, kama mtu anayenikumbusha fadhila: "Kwani unadhani ile kazi nilikutafutia wewe kwa nini? Walikuwepo wenye alama nzuri kuliko zako."

Maisha yangu yote ya kazi, mshahara uliosomesha watoto wangu, koti jeupe nililolifua kila Jumapili, vilikuwa malipo ya ng'ombe wa mama, na mama hakuambiwa. Tena kazi yenyewe nililipwa kuwaonyesha watu uongo juu yake, na niliifanya kwa bidii.

Nilimwomba jambo moja tu: Jumamosi twende nyumbani pamoja, awaambie kaka yangu na wale akina mama wa kikundi waliobaki hai. Akakubali. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Jumamosi nilimsubiri nimevaa, na saa nne ukaingia ujumbe wake kwamba presha imepanda. Jumatatu akaja mtunza stoo na gari la chuo. Alikuwa na aibu, hakuingia ndani hadi nilipomvuta. Alisema mzee mmoja aliyewahi kuwa wa mradi amewaandikia kwamba mali ya chuo iko kwa mtu binafsi, irudishwe.

"Mama, mimi natumwa tu," alisema.

Nilimsaidia kubeba. Nikamkabidhi na sahani pia, kwenye foronya, na nikamwomba asiiweke mahali penye unyevunyevu.

Nilikwenda kwetu peke yangu na simu. Kaka yangu ni mzee sasa, anasikia kwa sikio moja. Aliiweka simu kwenye sikio hilo na hakutazama picha kabisa. Alipomaliza akaomba nirudie. Mara ya pili alitazama. Akanirudishia simu, akasema, "Yule mtu alikula hapa Krismasi," akatoka kwenda zizini, akakaa huko mpaka nikaenda kumwita. Bibi mmoja wa kikundi, aliyebaki peke yake kati ya wale walioandikwa siku ya kwanza, aliniambia walimtungia mama wimbo wa kumcheka na yeye ndiye aliyeuanzisha. Hakutaka kuniimbia. Sikumlazimisha.

Miezi imepita. Kanisani nimehamia ibada ya kwanza kwa sababu yule kaka wa Kijenge huja ya pili. Lakini juzi tulikutana uso kwa uso Kijenge, mlangoni mwa duka la dawa, yeye anatoka, mimi naingia. Nilikuwa nimejiandalia maneno kwa siku kama hiyo, mengi, na makali. Mdomo ukafunguka na kikatoka kile ulichozoea tangu nikiwa msichana.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu," akajibu, akanishikia mlango nipite.

Nikapita. Nilinunua dawa niliyoifuata, na nilirudi Kimandolu kwa miguu, nimekasirika, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mimi.