Pepo Aliyekataa Kutaja Jina

Juzi kwenye zahanati niliona ukutani picha ya mwanamke anayetoka jasho, mkono kifuani, nikarudi mara moja kimawazo kwenye ua wetu wa Bagamoyo, nilipokuwa mtoto.

Tulikuwa tunatwanga mpunga wa harusi. Shangazi Mwanahawa aliuachia mchi, akashika kifua, jasho likimtiririka.

"Bega la kushoto linaniuma mpaka tayani," alisema.

"Kapandisha pepo huyu," bibi akasema. "Leteni chetezo."

Nilifurahi kupita kiasi. Moshi wa ubani ulijaa uani, wanawake wakapiga makofi na kuimba, nami nikajipenyeza hadi mbele, maana pepo akiulizwa hutaja jina lake na zawadi anayoitaka. Niliomba atake pete ya fedha, niione ikivishwa.

"Jina lako nani, bwana mkubwa?" bibi aliuliza kwa adabu.

"Nipisheni, nipate pumzi," shangazi alinong'ona.

Tukazidisha makofi, tukingoja jina. Kesho yake tulimzika bila kulijua.

Chini ya picha ile pameandikwa: mshtuko wa moyo. Nililisoma jina hilo kwa sauti, kana kwamba bibi bado anauliza.