Nge Niliyemfuga kwa Hasira

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilifuga nge, na nilimfuga kwa hasira. Wenzangu pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Voi, walifuga njiwa, na mmoja alikuwa na kobe. Mimi nilimtoa nge wangu chini ya taruma bovu la reli lililotupwa kando ya njia, nikamsukuma kwa kijiti mpaka akaingia ndani ya mkebe wa majani ya chai. Kifuniko nilikitoboa kwa msumari ili apumue. Nikamwita Bwana Tikiti, kwa sababu magando yake yalinikumbusha mkata tikiti wa stesheni, mtu mkali aliyetembea na koleo lake mbele kana kwamba abiria wote ni wezi.

Hasira yangu ilikuwa kwa mama. Alikuwa mjamzito, na jioni moja, huku akichambua mchicha, alinitangazia kwamba mtoto akizaliwa nitaacha shule nimlee, kwa kuwa yeye hataweza kulima na kulea.

"Mwaka mmoja tu, Wakesho," alisema. "Shule haihami."

Nilizijua habari za mwaka mmoja tu. Binti wa jirani aliambiwa vivyo hivyo, na wakati ule alikuwa akilea mtoto wa tatu. Lakini mtoto wa Kidawida, wa kwetu Taita, wa siku zile hakumjibu mama yake. Nilitoka nje, nikatembea kando ya reli nikipiga kokoto mateke, na hapo ndipo nilipompata nge. Nikawa na kitu changu mwenyewe, ambacho hakuna mtu angeniamuru nikiache.

Nilimlisha mende na panzi. Sikuwahi kumgusa, nilikuwa na hasira, sikuwa mjinga. Mkebe niliuficha chini ya kitanda changu. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka, baba na mama upande wa ndani, mimi upande wa mlangoni.

Kisha nyanya, mama yake baba, akashuka kutoka Mbololo kuja kumzalisha mama. Siku ya pili alimwona nge kizingitini, si wangu, akamponda kwa jiwe bila hata kukatiza mazungumzo. Halafu akanigeukia.

"Nyumba yenye mjamzito haikai na nge," akasema. "Nge hajui kuzaa. Watoto humpasua mgongo wakatoka, halafu wakamla. Akikaa karibu na mwanamke, humgawia kifo chake."

Tangu saa ile sikutulia. Bwana Tikiti alikuwa amenenepa, nami siku zote nilidhani ni mende wangu. Nilikaa, nikasimama, nikaenda kisimani bila ndoo. Mara mbili nilitoka na mkebe ili nikautupe, na mara mbili nyanya akaniuliza nimebeba nini, nikarudi nao ndani. Leo naweza kusema ukweli ambao sikuweza kujiambia wakati ule: ningetaka kweli kuutupa, ningeutupa. Kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka mama aogope kidogo. Nilipofahamu kwamba sehemu ile haikutaka aogope tu, nikaona haya, na aibu ile ikanifunga mdomo zaidi.

Uchungu ulimshika mama alfajiri ya Jumamosi. Baba alikuwa na genge lake la mafundi wa njia ya reli, upande wa Tsavo. Jua likapanda, likafika utosini, mtoto hakuja. Nilitumwa kuni, nikatumwa maji, na kila nilipoingia, mlio wa mama nyuma ya shuka ulikuwa umepungua nguvu. Nikapiga magoti kando ya kitanda changu, nikafunua mkebe.

Mgongo wa Bwana Tikiti ulikuwa umejaa vitu vidogo vyeupe, vinasukumana, vinapanda juu yake. Wanamla, nikajua. Na mama yangu anakufa.

Nyanya akatokea nyuma ya shuka, akafunga mlango, akachota maji kwa kata. Sisi Wadawida tuna jambo letu la tangu kabla ya kanisa: ndugu akificha hasira moyoni, hasira hiyo huweza kumfungia mwenzake njia ya uzima. Dawa yake ni kutasa, yaani kujaza maji mdomoni, kuyapuliza nje, na kuitamka hasira itoke pamoja nayo. Baba, mtu wa kanisa, asingekubali. Nyanya akaanza mwenyewe, akapuliza maji sakafuni.

"Kama mimi nina neno na mke wa mwanangu, litoke. Apone." Akanipa kata. "Haya, nawe."

Kwa hofu nikayameza.

"Usimeze!" akafoka. "Umeirudisha ndani! Piga tena."

Nikajaza tena, nikapuliza, mengi yakanimwagikia kifuani, na maneno yakafuata bila mpango. "Nina hasira na mama. Ananitoa shule. Na nina nge, Nyanya, yuko hapo chini, watoto wanamla!"

Nyuma ya shuka mlio ulinyamaza.

Nyanya aliuvuta mkebe, akauinamia kwa muda mrefu. Akamgusa nge kwa unyasi. Nge akainua mkia, akauzunguka mkebe mzima na watoto wake mgongoni, mzima kabisa, mkali kuliko mkata tikiti.

"Hajapasuka," nyanya akasema polepole. "Amewabeba." Nadhani aliwaua nge maisha yake yote na hakuwahi kumpa hata mmoja nafasi ya kuonekana akilea. "Mpeleke mbali, ng'ambo ya reli. Usimuue."

Nilikimbia. Niliporudi, mtoto alikuwa akilia. Mama alinitazama, uso umelowa jasho.

Shule ilipofunguliwa, alimfunga mdogo wangu mgongoni, akachukua jembe. "Unachelewa," akaniambia.

Nilisoma, nikawa muuguzi, nikafanya kazi miaka mingi katika wodi ya wazazi. Nimeona uchungu wa siku nzima ukiisha salama bila mtu yeyote kutema maji. Nyanya angenicheka kwa kufikiri hilo linathibitisha kitu. Mimi ninachokumbuka ni kwamba ile ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuniuliza nina nini moyoni, na kusubiri jibu.

Mama alipozeeka, mchana mmoja jikoni kwake, nilimuuliza kama alisikia niliyoyasema siku ile ya kutasa.

"Kila neno," akasema. "Hata mimi nilikuwa na langu siku ile, zito kuliko lako. Ila nyanya yako aliwauliza waliosimama tu. Mimi nilikuwa nimelala."

"Neno na nani, Mama?"

Akatazama dirishani. "Nenda kaangalie maharagwe, yanaungua."

Nikaenda. Hayakuwa yanaungua. Niliporudi alikuwa anazungumza habari za mvua, nami nikaitikia habari za mvua. Sasa hayupo, na mimi, niliyewahi kuulizwa, bado najiuliza kwa nini nilikubali kuinuka bila kusubiri jibu lake.