Flashi ya Arusi ya Nazneen

Idara ya nyaraka mjini Multan ilitangaza kwamba zama za kumbukumbu kupotea zimekwisha: kompyuta zote zingewekewa mfumo endeshi mpya, tena na wataalamu. Mtaalamu alikuwa Bwana Ijlal Tirmizi, aliyehudhuria semina moja akarudi na cheti na kitambi.

Idara haikutoa flashi ya kubebea mfumo huo. Bwana Tirmizi akachukua ya kabatini kwake, iliyolala katika kisanduku chekundu cha mahameli, kama mpiga picha wa arusi alivyoikabidhi. Kompyuta ikamwonya kwamba vyote vilivyomo vitafutwa. Akabonyeza ndiyo, maana maonyo ni ya wajinga.

Jioni wakwe wa binti yake Nazneen walikuja kutazama filamu ya arusi. Televisheni ikaonyesha orodha ya mafaili ya kompyuta.

"Baba Nazneen," mkewe Musarrat akauliza, "bibi arusi yuko wapi?"

"Flashi nimeiandaa upya, mama. Sasa inawasha kompyuta yoyote."

"Na mwanangu je, naye aolewe upya?"

Baba mkwe wa Nazneen akakohoa. "Usimlaumu, dada. Ni msomi huyu."

"Msomi! Hata mbuzi hula karatasi, kaka, na hatumwiti msomi."

Kesho yake mfumo uliingia ofisini bila kasoro. Mpiga picha, aliyekwisha kufuta nakala zake, alipata picha moja tu iliyosalia ya siku ya arusi: Bwana Tirmizi peke yake, akila pilau.