Hofu ya Mzee wa Ghati la Mafuta

Jumanne asubuhi, kabla sijamaliza chai, binti wa jirani yangu hapa mtaa wa Tena, Eastlands, alinipigia simu. "Mzee ametuacha," akasema. Wengi mtaani walimjua kama mstaafu aliyependa kubishana kuhusu mpira. Mimi nilijua pia alichokiogopa, na tangu simu ile hofu yake imehamia kwangu.

Kwa miaka mingi alifanya kazi Pwani, kwenye ghati ambako meli hupakua mafuta. Yeye na wenzake waliizungushia kila meli mkanda mnene unaoelea kabla pampu haijawashwa, ili mafuta yakimwagika yasisambae. Kisha meli zikaongezeka, zikawa zinapanga foleni, na wakubwa wakaona mkanda unachelewesha kazi. Wakaamuru ukae ghalani, utolewe tu ajali ikitokea. Mzee alikataa, akarudishwa nyumbani kabla ya wakati wake.

Siku moja nilimuuliza, kwa ujinga wangu, kuna ubaya gani kuutoa mkanda ajali ikishatokea. Alichukua beseni la maji, akamimina kijiko cha mafuta ya kupikia, akasema, "Haya mwandishi, yakusanye." Nilihangaika jamani! Yalininata vidoleni, yakashika kingo, yakazidi kutawanyika. "Baba, hilo ni beseni langu la nguo!" binti yake akapiga kelele. Mzee hakucheka. "Na hapo hakuna mawimbi," akaniambia. "Huko kuna mikoko, kuna kasa, kuna watu wanakula kutoka kwa hayo maji. Andika hiyo stori."

Nikamwahidi. Kila tulipokutana aliniuliza, "Iko wapi?" nami nikajibu, "Iko njiani, mzee." Ukweli ni kwamba niliona bahari iko mbali na Eastlands, nikaendelea kuandika kuhusu mitaro na mifereji mikavu. Loo, upumbavu ulioje! Mafuta ya taa tunayopikia huku yamepita kwenye maji hayo hayo.

Jana, baada ya maombi, binti yake alinishika mkono. "Ile stori ya baba ilitoka?" Nikasema bado. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi.

Basi ndiyo hii, na naiandika kwa hofu, kwa sababu sijui kama mkanda ule umewahi kutoka ghalani. Msomaji, mtu akikuomba useme jambo linalomnyima usingizi, liseme angali anaweza kulisikia. Mimi nimemwandikia mtu aliyekwisha kufa, na huenda sasa hivi kuna meli inapakua.