Gemu la Kuruka Mashimo

Ile mashine ya gemu kaka yangu aliinunua mnadani, akaiacha kwetu Karatu, akarudi kazini Arusha. Ilikuwa ya zamani, ya kuchomeka kaseti. Nilipoifuta mara ya kwanza, mende wawili walitoka kwenye matundu ya nyuma, na vitufe vya padi ya kuchezea vilikuwa na utando mweusi wa jasho la watu nisiowajua. Nilinawa mikono mara mbili. Wiki iliyofuata nilikuwa nakula maandazi huku nimeishika.

Masika yalikuwa yamekolea, watalii hamna, na lodge ninakopika ilitupa likizo. Nikarudi nyumbani kumuuguza baba, aliyepooza upande mmoja. Mama alishinda shambani akipalilia maharage. Kazi yangu ilikuwa kumlisha baba, kumgeuza, na kumpelekea chombo cha haja akigonga ukuta kwa mkono wake mzima.

Gemu lenyewe ni la kijinga. Mtu mfupi anakimbia kwenda kulia, anaruka mashimo, anakanyaga wadudu wenye macho makubwa. Akidondoka unaanza upya. Basi. Lakini kila alipodondoka nilijua kosa ni langu, na nilijua lilipo: nimebonyeza mapema. Ukirekebisha, anavuka. Kwa baba, ningefanya kila kitu sawasawa, na asubuhi ningekuta mdomo umelegea vilevile. Ndiyo maana nilizama. Naeleza tu, sijitetei.

Siku hiyo nilikuwa nimebakiza shimo moja nimalize levo iliyonisumbua siku tatu. Baba akagonga.

"Nakuja, baba!"

Akagonga tena. Nikaongeza sauti ya TV.

Nilipokwenda, harufu ilinipokea mlangoni. Kinyesi kilikuwa kimemfika mgongoni, kimekaukia kwenye shuka na kwenye vidole, maana alijaribu kujifuta mwenyewe. Nilikimbilia uani nikatapika. Niliporudi, alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Nisamehe, mama," aliniambia kwa ule ulimi wake mzito.

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Nikamwosha huku nimebana pumzi, nikijiona mchafu kuliko ile shuka.

Mama alirudi akanikuta naanika.

"Kumetokea nini?"

"Aliniita, sikwenda. Nilikuwa nacheza gemu."

Alivua mabuti, akachemsha maji, akaingia kumsugua baba mgongo upya, kana kwamba mimi sikumgusa kabisa. Alipotoka alisema, "Kesho kitanda chake kije sebuleni. Kama macho yako hayabanduki kwenye hiyo TV, basi na yeye awepo hapo hapo."

Tukakihamisha. Sasa baba analala ubavu akitazama ninavyocheza, mate yakimchuruzika hadi kwenye mto.

"Ruka!" ananiambia, kila mara amechelewa, na mtu wetu ameshadondoka. Anacheka kwa upande mmoja wa uso.

Jumapili akina mama wa kanisani walikuja kumwona. Mmoja alinishika mkono akamwambia mama, "Huyu ndiye binti. Wengine huwakimbia wazazi wao." Nikawamiminia chai. Asubuhi ile ile nilikuwa nimembadilisha baba nguo haraka haraka, bila hata kumkausha vizuri mapajani, ili niwahi kucheza kabla hawajafika.