Nembo za Ayalandi, Nembo za Bibi

Jumamosi ya kwanza ukumbi wa parokia pale Nachingwea ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Tangazo lilisema ni mihadhara ya bure kwa watu wazima, historia ya sanaa ya Ayalandi. Sisi tulisoma mihadhara tukaelewa semina, na semina ina posho. Posho haikutoka, hata soda haikutoka. Wiki iliyofuata tulibaki wachache: walimu wastaafu, mzee mmoja mchonga vinyago, na mimi fundi cherehani, Mwislamu peke yangu safu ya mbele. Jirani aliniuliza nabatizwa lini. Nikamwambia atafute kazi ya kufanya.

Nilibaki kwa sababu ya picha. Mwalimu wetu, mama wa Kiayalandi aliyekuja kufundisha manesi, alituonyesha ukutani ukurasa wa kitabu cha kale ambacho watawa wa kwao walikiandika juu ya ngozi ya ndama. Herufi moja ilijaza ukurasa mzima, na ndani yake mistari ilipitana juu na chini bila kukatika, vinyama vikiumana mikia. Mimi nimedarizi tangu usichana wangu. Nikaufuata mstari mmoja kwa macho nione fundi ameficha wapi fundo, nikapotea, nikaanza upya, na umeme ukakatika. Wiki nzima mstari ule ulinisumbua, nikashona mkono wa gauni la mtu nje ndani.

Kisha ikafika siku ya mawe. Mwalimu alituonyesha jiwe kubwa lililolazwa mlangoni pa kaburi la watu wa kale sana, limechongwa miduara inayojizungusha hadi katikati. Mzee mchongaji akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hizo ni nembo za kabila gani?"

Hakuna aliyecheka. Huku kwetu watu wa zamani walichanjwa nembo usoni, na aliyezijua alikutambua wewe ni Mmwera au Mmakonde kabla hujafungua mdomo. Lilikuwa swali la haki kabisa. Mwalimu akasema hajui, na hata wataalamu wa kwao wanabahatisha tu.

"Waliojua maana yake walikufa," alisema, "na hatujui kama kuna mtu aliyewahi kuwauliza."

Nilikasirika, sijui kwa nini hasa. Jiwe zuri namna ile, na wajukuu wote wale wakapita mbele yake midomo imefungwa! Nilirudi nyumbani na hasira yangu, na nilipokuwa natwanga kisamvu nikakumbuka kwamba bibi yangu mzaa mama yuko hai Nandagala, ana nembo uso mzima, na katika ukoo wetu sijasikia mtu akimuuliza.

Kumuuliza si jambo dogo. Tangu siku nesi mmoja alipowaita wenzake waje kumtazama, bibi huivuta kanga hadi kwenye nyusi mtu yeyote akikaribia, hata sisi wa damu yake. Na amezeeka. Msimu uliopita wa korosho alianza kuniita kwa jina la marehemu mama yangu. Niliogopa kwamba nikichelewa kidogo tu, naye tutabaki kumbahatisha.

Kesho yake nikapanda bodaboda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuniibia mume?"

Babu amelala kaburini miaka mingi, lakini utani wake bibi hauachi. Nikamwambia nimekuja kuuliza habari za nembo. Kanga ikashuka hadi kwenye nyusi hapo hapo, na akasema kwa Kimwera maneno ambayo sitayaandika.

Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya lile jiwe, niliyoipiga ukumbini. Nikamweleza kwamba ni la Wazungu, walilichonga wenyewe, na sasa hawajui maana yake.

"Wazungu wamesahau?"

"Wote."

"Na shule zao zote zile?"

"Na shule zao zote."

Bibi alicheka mpaka akakohoa, na alipomaliza kukohoa akaishusha kanga begani. Nikatandaza kipande cha kaki mapajani, nikachora kwa chaki ya kukatia nguo, yeye akinielekeza kwa kidole. Mistari ya paji la uso ni ya ukoo wa mama yake. Ile ya mashavuni yenye kona ni urembo, "mwanamume akikuona asipate usingizi." Nilikuwa na furaha ya kitoto, nachora na kuuliza, nachora na kuuliza, hadi tukafika kwenye kiduara kidogo cha kidevuni.

"Na hiki?"

Akakigusa. Akakigusa tena.

"Hiki sikijui. Aliyenichanja ni bibi yangu mwenyewe. Nilikuwa nalia, sikumuuliza."

Nikakichora hivyo hivyo, bila jina.

"Waambie hao Wazungu," alisema, "na mimi ninalo langu nisilolijua."

Jirani mmoja alipita na ndoo kichwani, akasimama kusalimia. Bibi akamwitikia huku akimtazama usoni, na kanga akaiacha begani.